"Overmorrow" hairudi kwa kusifiwa

Kuna klipu za aina moja zinazunguka sana kwenye magrupu siku hizi, nadhani wengi mshatumiwa hata mara mbili tatu. Mtu kakaa mbele ya simu anasema Kiingereza zamani kilikuwa na neno moja tu la keshokutwa, neno lenyewe "overmorrow", na la juzi lilikuwepo pia, "ereyesterday", halafu anauliza kwa masikitiko iweje watu waache maneno matamu namna hii wabaki na "the day after tomorrow" ndefu kama treni, na anaomba kila anayetazama aanze kuyatumia leo leo ili yarudi. Chini komenti zinamiminika, watu wanaahidi, wengine wanaongeza ya kwao waliyoyaokota kwenye listi nyingine, "apricity", "respair", "ultracrepidarian", na ukirudi baada ya mwezi ukamuuliza yeyote kati yao umelitumia wapi, hana jibu. Hawakudanganya, walimaanisha kabisa walipoandika. Tatizo ni kwamba tumeelewa vibaya neno linakufaje na linafufukaje.

Mimi kazi yangu ni kutafsiri, hasa yale maandishi ya chini ya video, Kiswahili kwenda Kiingereza na kurudi, kwa hiyo maneno kwangu ni jembe la kila siku. Na msimamo wangu nauweka mezani mapema. Neno halifi kwa sababu watu wamelisahau, linasahaulika kwa sababu limekosa kazi, au kazi yake imechukuliwa na jirani anayeifanya vizuri tu, ndiyo maana hata ulisifie vipi halirudi. Linarudi siku ikitokea kazi ambayo hakuna mwingine wa kuifanya, na wakawepo watu wenye shida na kazi hiyo asubuhi na jioni. Tena sehemu kubwa ya hayo maneno tunayoliliwa kwamba yamepotea hayakuwahi kuishi midomoni mwa watu hata siku moja, yalizaliwa kwenye kamusi yakafia humo humo.

Tuanze na makaburi yenyewe. Ile kamusi kubwa ya Oxford haina tabia ya kufuta neno, likishaingia limeingia, likifa wanaliwekea alama ndogo kama msalaba na linabaki palepale na historia yake yote. Toleo la pili la mwaka 1989, juzuu 20, lilikuwa na maneno 171,476 yanayotumika na 47,156 yaliyokwishakufa, yaani karibu kila palipo na maneno matatu au manne yaliyo hai kuna moja limelala. Sasa mtu akitaka kutengeneza posti ya "maneno 20 yaliyosahaulika" hana haja ya kuhangaika, anaingia hapo anachota. Wengi wakiona namba kama hiyo wanashtuka wanasema Kiingereza kimefukarika, vijana na simu zao wamekiua. Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote na inasemwa kuliko zote. Hayo maneno elfu 47 mengi yalikufa karne nyingi kabla ya simu yoyote kuwepo, na wakati hayo yanaondoka mengine mengi zaidi yalikuwa yanaingia. Soko ambalo wachuuzi wengine wanafunga meza na wengine wanafungua haliitwi soko lililokufa.

Halafu uangalie ni kina nani wamelala humo. Chukua "apricity", neno linalopendwa sana kwenye hizi listi, maana yake joto la jua wakati wa baridi. Ni kweli maana yake ni nzuri, ukilisoma unajisikia vizuri, lakini limetoka wapi? Limetoka kwenye kamusi ya Henry Cockeram ya mwaka 1623, na Cockeram alikuwa na kazi yake ya kukusanya na kutengeneza maneno magumu yenye asili ya Kilatini ili watu waonekane wamesoma. Hakuna ushahidi wa maana kwamba kuna mkulima wa Kiingereza aliyewahi kutoka nje asubuhi ya Januari akasema neno hilo. Na watu wa enzi hizo walikuwa wanalalamikia jambo hilo hilo. Thomas Wilson mwaka 1553 aliwashambulia waandishi wanaomwaga maneno ya kigeni hadi mama zao wasiwaelewe, na maneno ya aina hiyo yakapewa jina la maneno ya pembe ya wino, manake wino ulikuwa unawekwa kwenye pembe na maneno yenyewe yalikuwa hayatoki nje ya hiyo pembe. Kwa hiyo leo mtu anapolia kwamba tumepoteza urithi wa mababu, anayemlilia ni yule yule ambaye mababu walimkataa mlangoni.

Na hapa ndipo inapoanguka hoja nyingine ya wapenda kufufua, kwamba ukikosa neno unakosa na hisia yenyewe, kwamba Waingereza wamepungukiwa furaha ya jua la baridi tangu "apricity" izikwe. Nenda Njombe mwezi wa saba. Saa mbili asubuhi utakuta wazee wameegemea ukuta wa duka upande jua linakopiga, makoti hadi shingoni, mikono kwapani, macho wameyafumba nusu, hakuna anayeongea. Muulize mmoja anafanya nini, atakwambia naota jua. Basi, kuota jua, kama tunavyoota moto. Maneno mawili ambayo kila mtoto anayajua, na hisia yote imo ndani, hata ule uzito wa kope umo. Mwingereza naye anajua sana kuegemea ukuta wenye jua, anasema kwa maneno yake ya kawaida. Hata "uhtceare", ile ya Kiingereza cha kale kabisa iliyomo kwenye shairi la mwanamke anayemlilia mumewe aliye mbali, maana yake uchungu wa kukaa macho kabla ya alfajiri, ni nani kati yetu mwenye ada za watoto anahitaji kufundishwa neno ili aijue hali hiyo?

Ila "overmorrow" sio kama "apricity", na hapa lazima niwatendee haki watu wa zile klipu. Hili lilitumika kweli. Limo kwenye Biblia ya Coverdale ya mwaka 1535, kitabu cha Tobiti sura ya nane, usiku wa harusi, Tobia anamwambia Sara inuka tumwombe Mungu leo, kesho na keshokutwa, na hapo kwenye keshokutwa Coverdale kaweka "overmorrow". Coverdale alikuwa anatafsiri akiwa na Biblia za Kijerumani na Kilatini mbele yake, na Wajerumani mpaka leo wanasema "übermorgen" bila kufikiri, Waholanzi "overmorgen", kwa hiyo sio neno la mtu kujionyesha, ni neno la familia ambalo ndugu wawili bado wanalo na mmoja kalitupa. Na pengo lake lipo, silisomi kwenye vitabu, ninalo kwenye skrini yangu. Mstari mmoja wa maandishi ya video unabeba kama herufi 42 hivi, ukizidisha mtazamaji hamalizi kusoma. Mtu kwenye video anasema "keshokutwa", herufi 10, amemaliza. Mimi natakiwa niandike "the day after tomorrow", ukihesabu na nafasi ni 22, nusu ya mstari imeliwa na siku moja. "Overmorrow" ni herufi 10, sawasawa kabisa na keshokutwa, utadhani zilipimwa kwa kamba moja. Nilishawahi kuliweka kwenye rasimu moja. Lilirudi na alama ya kuuliza kutoka kwa mhariri wa mteja, na alikuwa na haki, manake mtazamaji akikwama kwenye neno hilo hata sekunde moja tu, video imeshasonga mbele na yeye kaachwa.

Sasa swali la kweli ndilo hili, kama pengo lipo na neno lipo, mbona havikutani? Jibu lipo Nigeria. Wanigeria kwenye Kiingereza chao wanasema "next tomorrow", kesho inayofuata, wanasema sokoni, wanasema ofisini, wanaandikiana kwenye simu, na Januari 2020 kamusi ya Oxford ililiingiza rasmi pamoja na maneno mengine ya Kiingereza cha Nigeria. Yaani lile pengo ambalo klipu zinalilia limeshazibwa zamani, limezibwa na watu waliokuwa wanapanga safari na mikutano na kupeana miadi ya fundi, na walilizibia kwa vifaa vilivyokuwa mkononi, "next" na "tomorrow", maneno ambayo mtoto wa darasa la pili anayajua. Wahindi nao wamefanya hivyo hivyo. Kiingereza kina "postpone", kuahirisha, lakini hakikuwa na neno la kawaida la kulileta jambo mapema kuliko lilivyopangwa kwenye kalenda, wao wakatumia "prepone", na leo ukifanya kazi na ofisi ya Mumbai utalipokea kwenye imeili bila maelezo yoyote. Ajabu yake ni kwamba "prepone" ilikuwepo kwenye Kiingereza cha karne ya 16 ikiwa na maana ya kutanguliza kitu mbele ya kingine, ikafa. Ilivyorudi hakuna aliyeinyanyua kaburini kwa upendo. Watu walihitaji kinyume cha "postpone", wakakitengeneza kwa kufuata umbo lake, ikatokea tu kwamba jina hilo liliwahi kuvaliwa.

Na ukiangalia lugha inavyojitibu utaona mara nyingi hairudi kaburini. Kiingereza kilikuwa na "thou" ya mtu mmoja na "ye" ya wengi, kama sisi tulivyo na wewe na nyinyi, halafu "you" ikameza vyote viwili. Hilo lilikuwa pengo kubwa, kubwa kuliko keshokutwa. Watu wakalitibu vipi? Kusini mwa Marekani wakatengeneza "y'all", Ireland "youse", wengine "you guys". Hakuna aliyerudisha "thou" kwenye maisha ya kawaida, pamoja na kwamba iko kwenye sala na kila mtu aliyesoma Shakespeare shuleni anaijua. Kujulikana peke yake hakukusaidia. Hii inatosha kumaliza ile imani kwamba neno likitangazwa sana litarudi, manake hakuna neno lililokufa lililotangazwa kuliko "thou".

Sasa nigeuke upande wa pili, manake wapo wanaosema lugha ni mto, kilichokwenda kimekwenda, kufufua maneno ni kupoteza muda na haijawahi kuwezekana. Hao nao hawako sawa, na historia inawakatalia waziwazi. "Raid" ni neno la zamani lenye asili moja na "road", Waingereza walishaliacha kwa maana hiyo, likabaki kwa Waskoti wa mpakani waliokuwa wakiibiana ng'ombe usiku. Walter Scott akaliingiza kwenye mashairi na riwaya zake mwanzoni mwa karne ya 19, na likashika. Leo lina kazi hadi ya ndege za vita na polisi wanaovunja mlango alfajiri. "Handbook" ilikuwepo kwenye Kiingereza cha kale, "manual" ikaja kutoka Kifaransa ikaisukuma nje, na ikarudi karne hiyo hiyo ya 19 kwa kuiga Wajerumani, na mwanzoni wapo walioichukia kweli. "Wireless" ndiyo nzuri kuliko zote kwa sababu wengi wetu tumeiona ikifufuka kwa macho. Ilikuwa jina la redio, kama wazee wetu walivyokuwa na simu ya upepo, halafu "radio" ikaichukulia kazi mpaka aliyesema "wireless" Uingereza ukajua ni babu, halafu zikaja kompyuta za kubeba zisizo na waya na neno likaamka ndani ya miaka michache tu, na hakukuwa na kampeni wala mtu aliyelililia.

Na "furlough" mnaikumbuka wote. Asili yake ni Kiholanzi, ni ruhusa ya askari kwenda nyumbani. Wamarekani walikuwa nalo kwa wafanyakazi wa serikali wanaposimamishwa bila mshahara, lakini kwa Mwingereza wa kawaida lilikuwa neno la filamu za vita. Machi 2020 serikali ya Uingereza ikaanzisha mpango wa kulipia mishahara ya watu waliokaa nyumbani kwa sababu ya korona, na ghafla kukawa na hali mpya isiyo na jina, hujafukuzwa, haupo likizo, haupo kazini, na unalipwa. Ndani ya siku chache kila mtu alikuwa anasema "furlough", mpaka mpango unafungwa Septemba 2021 ajira milioni 11.7 zilikuwa zimepitia humo. Mamilioni ya watu wakajifunza neno la askari wa zamani bila kulipenda, kwa sababu ndilo lililokuwa kwenye barua waliyoletewa na mwajiri.

Wapo waliojaribu kwa mapenzi pia, na mimi nawaheshimu sana hao. John Cheke karne ya 16 alitafsiri Injili ya Mathayo akikwepa maneno ya kigeni, ufufuo akauita "gainrising", akida wa askari mia akamwita "hundreder". William Barnes, mshairi wa Dorset, mwaka 1878 alichapisha kitabu kizima cha kusafisha sarufi, na yeye ndiye aliyetaka basi liitwe "folkwain", gari la watu. Mtu mwenye moyo, msomi kweli kweli, na hakuna lililoshika. Lakini weka "folkwain" kando ya "folklore". Hii ya pili ilitungwa na William Thoms mwaka 1846 kwa mbao zile zile, "folk" ya kale na "lore" ya kale, na leo iko dunia nzima. Tofauti sio uzuri, kwa masikio yangu "folkwain" ina muziki zaidi. Tofauti ni kwamba basi lilikuwa na jina tayari, watu wanalipigia mkono barabarani na linasimama, lakini hadithi na mila na nyimbo za watu wa kawaida zilikuwa zinaitwa "popular antiquities", jina la makaratasi, refu, halibebeki, na kundi la watu waliokuwa wanazikusanya walihitaji jina la kazi yao. Thoms aliwapa kilichokuwa kinatakiwa siku kilipotakiwa. Barnes alimpelekea chakula mtu aliyeshiba.

Ndicho kilichotokea kwa wenye kamusi ya Collins pia mwaka 2008, walipotangaza maneno 24 yaliyokaribia kutolewa kwenye kamusi yao na watu mashuhuri wakajitolea kuyaasili. Stephen Fry alichukua "fubsy", mtu mfupi mnene, Andrew Motion aliyekuwa mshairi wa taifa akachukua "skirr", sauti ya mabawa ya ndege anaporuka. Magazeti yaliandika, watu walifurahi. Lakini "fubsy" inakwenda kufanya nini mahali ambapo "chubby" na "tubby" na "plump" wameshajaza kiti? Ni kama uje leo na neno jipya la kibonge, mtaa hauna shida nalo. "Skirr" mimi ingeniuma kidogo, kwa sababu ile sauti ipo na wanaoisikia wapo, ila wanaoisikia wamepungua, na hapo ndipo naona upande wa wafufuaji una hoja ya kweli inayostahili kusikilizwa.

Hoja hiyo ni ya majina ya vitu vilivyo hai. Kamusi ya Oxford ya watoto wadogo, toleo la 2007, iliondoa "acorn", "bluebell", "kingfisher" yaani mdiria, "otter" na mengine mengi ya porini, na ndani yake wakaingia kina "blog" na "broadband". Mwaka 2015 waandishi 28, Margaret Atwood akiwa mmojawapo, waliandika barua ya kupinga. Wenye kamusi walijibu kwa hoja ya haki kabisa, kwamba kamusi inafuata yale ambayo watoto wanakutana nayo. Mimi kichwa changu kinakubaliana na wenye kamusi na moyo wangu hauko huko. Mdiria anaitwa mdiria kwa sababu kuna mtu alikaa kando ya maji akamwona anapiga mbizi mara nyingi kiasi cha kuhitaji kumtofautisha na ndege wengine, na mtoto asiye na hilo jina anamwona "ndege" tu, akitoweka hamkosi. Tofauti na "apricity" ni kwamba hapa kitu bado kipo, kinaruka, na neno lina kazi, ila mfanyakazi na kazi wametenganishwa na ukuta wa nyumba. Kwa hiyo hata hapa neno haliokolewi na neno. Mtoto anatakiwa apelekwe mtoni, jina atalibeba mwenyewe akirudi.

Kuna jambo jipya ambalo halikuwepo enzi za Barnes na linanitia wasiwasi. Siku hizi neno linaweza kupandishwa na mashine. Watafiti waliopitia muhtasari wa makala za kitabibu wameona "delve", neno la kale ambalo mwanzo lilikuwa kuchimba kwa jembe, limepanda ghafla baada ya programu za akili mnemba kuanza kuandika na watu, kwa sababu programu hizo zinalipenda. Mwaka 2024 Paul Graham, mwekezaji wa Marekani, aliandika mtandaoni kwamba akiona neno hilo kwenye imeili anajua imeandikwa na mashine, na Wanigeria wakamjia juu kwa sababu kwao "delve" ni neno la kawaida la mtu aliyesoma, halijawahi kufa. Hebu lifikirie hilo. Neno lililozeeka California liko hai Lagos, na mtu mwenye pesa anakuhukumu kwa kulitumia. Kwa hiyo tunaposema neno la Kiingereza limekufa tuwe tunauliza limekufa kwa nani, manake hata "fall", yaani majira ya majani kupukutika, ilitoka Uingereza, ikafa kwao, ikaishi Marekani.

Hayo yote yanatuhusu sisi kwa namna ambayo zile klipu haziisemi. Shule zetu nyingi mwanafunzi anasifiwa kwa maneno mazito, anakariri listi, anamwaga ung'eng'e kwenye insha, na anayeandika sentensi nyepesi inayoeleweka anapata maksi za kawaida. Sasa mtoto huyo ukimpelekea "ultracrepidarian", lililotumiwa na mwandishi wa Kiingereza Hazlitt mwaka 1819 kumtukania mhakiki anayezungumzia asiyoyajua, atalikariri akidhani amepanda daraja, atalipeleka kwenye barua ya kuomba kazi, na anayesoma barua ataishia hapo hapo. Umempa silaha ya mtu mwingine iliyotengenezwa kwa ugomvi mwingine. Ningependa mwalimu amwonyeshe jinsi "kakistocracy", utawala wa walio wabaya kuliko wote, ilivyozaliwa mwaka 1644, ikakaa kimya miaka mingi, ikaamka 2018 pale John Brennan aliyekuwa mkuu wa CIA alipoitumia kumshambulia Trump, na mwaka 2024 jarida la The Economist likaichagua kuwa neno la mwaka. Ni refu, ni la Kigiriki, lakini mtu anayejua "democracy" na "aristocracy" analifungua mwenyewe bila kamusi, na liliamka kwa sababu kulikuwa na hasira inayotafuta jina. Mtoto akielewa hilo ameelewa lugha inavyofanya kazi, hata asipolitumia maisha yake yote.

Na kuna hili la kwetu. Tunawaonea huruma Waingereza kwa kupoteza keshokutwa, na huku sisi tuna mtondo, siku inayofuata keshokutwa, na mtondogoo, inayofuata mtondo, na wengi wanaosoma hapa ndiyo wanayaona kwa mara ya kwanza. Vijana wanasema "baada ya siku tatu", "ile siku baada ya keshokutwa", yaani treni ile ile tunayoicheka kwa wenzetu. Ukiyatengenezea klipu yatapigiwa makofi kama "overmorrow" na yatalala kama "overmorrow".

Mwezi uliopita nilikuwa natafsiri mahojiano na bibi mmoja wa Pangani, anaelezea mwanawe aliyevuka kwenda Pemba kwa mashua, na katikati ya maneno anasema "akaniambia atarudi mtondo". Mhariri, kijana wa miaka ishirini na kitu, akanipigia simu kuuliza Mtondo ni kijiji cha wapi, akitaka kuhakikisha tahajia. Nikamweleza, tukahesabu wote kwenye vidole, leo, kesho, keshokutwa, mtondo, nikaandika "in three days" tukaendelea na kazi. Jumatatu iliyofuata akanitumia meseji, "faili la pili nakuletea mtondo", na Alhamisi likaja. Sa hivi ofisini kwao wako watatu wanaosema hivyo, kwa sababu kazi zao karibu zote zinakabidhiwa siku ya tatu. Juzi mmoja wao akaniuliza ikizidi siku moja zaidi inaitwaje, alikuwa amechelewa.